Wali na Maharagwe: Chakula cha Njia Kuu na Jinsi Kipasavyo Kupikwa

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Eldoret hufika mahali paitwapo Salgaa, ambapo malori huegeshwa kando ya barabara kwa safu ndefu, mchana na usiku. Mengine yametoka bandarini Mombasa yakiwa na mizigo ya Uganda, Rwanda, Sudani Kusini na Kongo. Mengine yanarudi pwani. Madereva na utingo wao hushuka kujinyoosha, kunawa uso na kutafuta chakula. Hawa ni watu wa makabila na nchi nyingi, wala hawakulelewa kwa chakula kimoja. Lakini kipo chakula ambacho wote hukifahamu, nacho hupatikana kwa bei ambayo mtu wa mshahara mdogo aweza kuimudu: wali na maharagwe.

Vijana wa mjini huyaita maharagwe hayo madondo, na mwenye haraka huagiza kwa maneno mawili tu. Huletewa sahani ya wali mweupe uliomwagiwa maharagwe mazito yenye mchuzi mwekundu, pengine na kachumbari au mboga kidogo pembeni. Chakula hicho hicho huliwa katika shule za bweni, katika kambi za wajenzi na katika nyumba nyingi za Bonde la Ufa siku ambazo hakuna nyama.

Kwa kuwa ni chakula cha kila siku, watu wengi hudhani hakina la kujifunza. Sivyo. Wali na maharagwe yaliyopikwa vyema huujenga mwili kwa gharama ndogo. Yaliyopikwa vibaya humaliza kuni bure, hupotezewa nguvu zake, na yaweza hata kumlaza mtu kitandani. Yafaa basi kueleza chakula hiki kilitoka wapi, kwa nini vitu hivi viwili hufaana, na mpishi wa Salgaa, ambako ni juu sana kuliko pwani, apaswa kuangalia mambo gani.

ASILI YA VYAKULA HIVI VIWILI

Mchele na maharagwe ni wageni wawili waliokutana Afrika ya Mashariki baada ya kusafiri kwa njia mbalimbali. Mpunga huu wa kawaida asili yake ni Asia, nao ulifika katika pwani yetu kwa vyombo vya Bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba alikaribishwa kwa wali uliopikwa kwa samli na kuwekewa vitoweo mbalimbali. Kwa hiyo wali ni chakula cha kale katika miji ya Waswahili.

Maharagwe ya kawaida asili yake ni Amerika. Wenyeji wa huko waliyalima kwa maelfu ya miaka kabla mtu wa bara jingine hajayaona. Yalivushwa bahari baada ya mwaka 1492, na huaminiwa kwamba Wareno ndio walioyaleta katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Kabla ya hapo watu wa nchi hizi hawakukosa jamii ya kunde: kunde zenyewe ni mmea wa Afrika, na njahi zimelimwa tangu zamani katika nyanda za juu. Maharagwe yalipofika yalipendwa upesi kwa sababu hukomaa mapema na hustawi mahali penye baridi kiasi.

Huku bara wali ulikuja kujulikana na watu wengi baada ya kujengwa kwa reli. Kazi ya reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwa la Viktoria, mahali ambapo leo ni Kisumu, mwezi wa Desemba 1901, baada ya kupita Nakuru. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na wengi wao walizoea kula wali pamoja na dengu. Maduka yaliyofunguliwa kando ya reli yaliuza mchele, na hivyo ukaanza kuingia katika nyumba ambazo hapo kwanza zilijua wimbi, mtama na mahindi tu.

Jambo jingine lililoueneza mchele ni kilimo cha maji ya mifereji huko Mwea, chini ya mlima Kenya. Mashamba hayo yalianzishwa katikati ya miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na sehemu kubwa ya kazi ya kuchimba mifereji ilifanywa na watu waliokuwa kizuizini. Mchele wa Mwea uitwao pishori husifiwa mpaka leo kwa harufu yake nzuri. Hata hivyo mchele unaovunwa Kenya hauwatoshi wananchi, na sehemu kubwa ya unaoliwa hununuliwa kutoka nchi za nje.

KWA NINI HUFAANA

Mwili wa mtu hujengwa kwa protini, na protini hufanyizwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi za amino. Vipande hivi ni kama matofali ya namna mbalimbali. Fundi akikosa namna moja ya tofali, ukuta husimama hata kama namna nyingine zimejaa uwanjani. Mchele una upungufu wa tofali moja liitwalo laisini. Maharagwe yanalo kwa wingi. Maharagwe nayo yana upungufu wa methionini. Mchele unayo ya kutosha. Vikiliwa vyote viwili, kila kimoja hufidia upungufu wa mwenzake.

Tena maharagwe makavu yana protini zaidi ya gramu 20 katika kila gramu 100, hali mchele una gramu 7 hivi. Kwa hiyo mzazi asiyeweza kununua nyama kila siku asidhani kwamba watoto wake wamenyimwa. Wala si lazima vyakula hivi viwili viwe katika sahani moja. Yatosha mtoto avipate katika siku ile ile. Lisilofaa ni sahani iliyojaa wali ikanyunyiziwa maharagwe machache kwa ajili ya rangi. Maharagwe ndiyo yenye kujenga, nayo yastahili nafasi kubwa.

Maharagwe yana pia madini ya chuma, ambayo hutumika kutengeneza damu, na yanahitajiwa hasa na akina mama waja wazito na watoto wadogo. Lakini chuma cha mimea hakiingii mwilini kwa urahisi. Hapo kuna desturi moja nzuri na moja isiyofaa. Desturi nzuri ni kula maharagwe pamoja na kachumbari ya nyanya mbichi, au kula chungwa baada ya chakula, kwa sababu vitamini C iliyomo husaidia chuma kuingia mwilini. Desturi isiyofaa ni kunywa chai papo hapo pamoja na chakula, kwa kuwa chai huzuia chuma hicho. Mtu apendaye chai, na watu wa Bonde la Ufa huipenda mno, angoje muda wa saa moja hivi ndipo anywe.

Faida nyingine ni kwamba maharagwe huyeyuka tumboni polepole. Mtu aliyekula wali mtupu husikia njaa upesi. Aliyekula wali na maharagwe hukaa muda mrefu zaidi.

KWA NINI MAHARAGWE HUCHELEWA KUIVA SALGAA

Mama aliyezaliwa Mombasa akahamia upande wa Nakuru hushangaa sana mara ya kwanza apikapo maharagwe. Yale yaliyomchukua muda mfupi kule pwani, huku yanakaa motoni bila kulainika. Pengine humlaumu mwenye duka kwamba amemuuzia maharagwe mabaya, au huzilaumu kuni. Sababu ya kwanza si duka wala kuni; ni hewa.

Pwani, maji huchemka yafikapo joto la digrii 100. Lakini kadiri mtu apandavyo juu, hewa huwa nyepesi, haiyakandamizi maji kwa nguvu kama ile ya chini, nayo maji huchemka mapema. Joto la kuchemka hupungua karibu digrii moja kwa kila mita 300 za kupanda. Salgaa iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na kwa hiyo maji ya hapo huchemka yakiwa na joto la digrii 93 hivi. Mpishi huona mapovu yakiruka kwa nguvu, akadhani moto umekuwa mkali kabisa. Kumbe maji yale hayawezi kupata joto zaidi ya hapo hata akiongeza kuni nyingi kiasi gani. Kuni za ziada hugeuza maji kuwa mvuke tu.

Kwa sababu hiyo sufuria ya presha, yaani ile yenye kifuniko cha kukazwa ili mvuke usitoke, ina faida kubwa zaidi katika nyanda za juu kuliko pwani. Mvuke uliofungiwa hukandamiza maji, nayo hupata joto kupita digrii 100.

Sababu ya pili ni umri wa maharagwe. Maharagwe yaliyowekwa miezi mingi mahali penye joto na unyevu hugeuka ndani yake yakawa magumu, hata yakichemshwa kutwa hayalainiki vyema. Yafaa mnunuzi amwulize mwuzaji yalivunwa lini. Asichanganye gorogoro la maharagwe mapya na la zamani katika sufuria moja, kwa maana mapya yatapondeka kabla ya yale mengine kuiva.

MAGADI NA MENO

Ili kuyashinda maharagwe magumu, wapishi wengi hutia magadi. Ni kweli kwamba magadi hulainisha maharagwe upesi. Huyeyusha kile kinachoshikanisha ganda na nyama ya punje. Lakini faida hiyo ina gharama zake.

Gharama ya kwanza ni kwamba magadi huharibu vitamini B1, ambayo maharagwe yanayo kwa wingi, na ambayo mwili huihitaji ili kugeuza wanga wa wali kuwa nguvu. Ya pili ni ladha: yakizidi kidogo chakula huwa kama sabuni. Ya tatu ndiyo kubwa zaidi kwa watu wa Bonde la Ufa, nayo ni madini yaitwayo floraidi.

Floraidi kidogo huimarisha meno, lakini ikizidi huyaharibu. Mtoto anayepata floraidi nyingi wakati meno yake ya ukubwani yanapofanyizwa, yaani kabla ya kutimiza miaka minane hivi, huota meno yenye madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki wala kwa dawa ya meno. Kiasi kikizidi kwa miaka mingi, hata mifupa hudhurika. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba maji ya kunywa yasiwe na floraidi zaidi ya miligramu 1.5 katika lita moja. Kwa sababu ya miamba ya volkano iliyo chini ya ardhi, visima vingi vya Nakuru na sehemu zilizo jirani hupita kiasi hicho. Ndiyo maana watu wengi wa huko wana meno ya kahawia. Si kwamba hawapigi mswaki.

Basi magadi yachimbwayo katika maziwa ya Bonde la Ufa yana floraidi pia, na mara nyingine nyingi sana. Wachunguzi wa meno nchini Tanzania wamegundua kwamba magadi ya kupikia ni mojawapo ya sababu za meno kuharibika, hata mahali ambapo maji yenyewe hayana floraidi nyingi. Mama wa Salgaa atiaye magadi katika maharagwe ya watoto wake huongeza mzigo juu ya mzigo.

Tena ijulikane kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi. Kuchemsha huua vijidudu, jambo ambalo ni jema, lakini maji yakipungua kwa mvuke floraidi hubaki sufuriani na kuwa kali zaidi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa bati safi ndiyo bora kwa kunywa na kupikia chakula cha watoto. Iko pia njia ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya wanyama, ambayo Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru imejulikana kwa kuieneza. Mkaa huo huishika floraidi maji yapitapo, lakini hauna budi kubadilishwa baada ya muda, kwa kuwa hushiba.

JINSI YA KUPIKA BILA MAGADI

Iko njia rahisi isiyohitaji magadi, nayo ni kuloweka. Jioni, mpishi ayachambue maharagwe, ayapepete katika ungo ili kuondoa mawe na punje zilizotobolewa na wadudu, kisha ayaoshe na kuyatia katika maji baridi mengi mpaka asubuhi. Punje zitafura karibu mara mbili. Maji hayo yamwagwe, kwa sababu yamechukua sehemu ya sukari ile inayowafanya watu wengi wajae hewa tumboni. Maharagwe yatiwe maji mapya na kuwekwa motoni.

Maharagwe makavu yasiyolowekwa huweza kukaa motoni saa mbili au tatu katika nchi ya juu kama hii. Yaliyolowekwa huweza kuiva kwa nusu ya muda huo. Kwa mwenye mkahawa apikaye kila siku, akiba ya kuni au mkaa kwa mwezi mzima si haba.

Nyanya na ndimu zisitiwe mapema. Uchachu huyafanya maganda yakaze, nayo maharagwe yakikutana na nyanya kabla hayajalainika huenda yasilainike tena. Yakisha kuiva kabisa, mpishi akaange vitunguu katika mafuta mpaka viwe na rangi, atie nyanya na kuzikoroga mpaka zipondeke, kisha amimine maharagwe pamoja na mchuzi wake, chumvi na dania. Akitaka mchuzi mzito, aponde punje chache kwa mwiko ubavuni mwa sufuria. Hahitaji unga wala viungo vya ghali.

Wali nao huhitaji maji kidogo zaidi na muda mrefu kidogo kuliko pwani, kwa sababu ile ile ya hewa nyepesi. Maji yakikaribia kukauka, moto upunguzwe na sufuria ifunikwe vizuri. Na mwenye jiko la makaa aweza kupalia makaa machache juu ya kifuniko, kama wafanyavyo watu wa pwani, ili wali uive juu na chini.

HATARI YA MAHARAGWE YASIYOIVA

Maharagwe mabichi, na hasa yale mekundu makubwa, yana sumu ya asili. Punje chache tu zisizoiva zaweza kumfanya mtu atapike sana na kuharisha, aghalabu kati ya saa moja na saa tatu baada ya kula. Wengi hupona siku hiyo hiyo, lakini mtoto mdogo au mzee aweza kupungukiwa maji mwilini, naye apelekwe hospitali bila kukawia.

Sumu hiyo huharibiwa na mchemko wa nguvu, wala haiharibiwi na joto la polepole. Joto dogo lisilofika mchemko laweza hata kuiongeza. Neno hili liwaguse hasa wale watumiao kikapu cha kupikia bila moto, yaani kile kilichojazwa vitambaa au pamba ili kutunza joto la sufuria. Kikapu hicho ni kitu kizuri na huokoa kuni nyingi. Lakini maharagwe yasiwekwe humo yakiwa yameanza tu kupata moto. Kwanza yalowekwe, maji yamwagwe, kisha yachemke sana katika maji mapya kwa muda wa nusu saa. Baada ya hapo ndipo sufuria iingizwe kikapuni imalize kazi. Mtu asionje maharagwe mabichi ili kupima kama yameiva. Abonyeze punje kwa vidole, ikipondeka bila kokwa ngumu ndani, yako tayari.

WALI ULIOLALA

Hatari nyingine imo katika wali wenyewe, nayo huhusu zaidi mikahawa ya njia kuu, ambako chakula kilichopikwa saa nne asubuhi pengine huuzwa saa tatu usiku. Mchele huweza kuwa na vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa mezani ukiwa vuguvugu, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu. Ubaya wake ni kwamba sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto tena. Mteja huona moshi ukipanda kutoka sahanini, akadhani chakula ni salama, kumbe sivyo.

Kwa hiyo wali ama ukae moto kweli kweli mpaka unapoliwa, ama upoe upesi. Anayetaka kuuweka akiba autandaze katika sinia pana ili upoe haraka, kisha auweke mahali pa baridi kabla ya saa mbili kupita. Ni afadhali mwenye mkahawa apike sufuria ndogo mara tatu kwa siku kuliko sufuria kubwa mara moja. Dereva mwenye kuumwa tumbo akiwa ameshika usukani wa lori ni hatari kwake mwenyewe na kwa wote walio mbele yake.

Hilo si jambo la kupuuzwa mahali kama Salgaa. Barabara hiyo imepoteza watu wengi. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori vilikutana uso kwa uso huko Migaa, karibu na Salgaa, na watu 36 wakafa. Baadaye sehemu ya barabara iligawanywa ili magari yaendayo na yarudiyo yasikutane. Lakini ukuta haumwamshi mtu aliyelala. Dereva aliyeshiba chakula kizito mchana huja kusinzia; kwa hiyo ale kwa kiasi, apumzike kidogo, ndipo aendelee na safari.

NAZI YA PWANI NA NDUGU WA MBALI

Watu wa Mombasa, Lamu na Unguja hupika chakula hiki kwa namna yao. Nazi hukunwa kwa mbuzi, hutiwa maji na kukamuliwa katika kifumbu. Tui jepesi hutiwa kwanza katika maharagwe yaliyokwisha kuiva, na tui zito hutiwa mwisho na kukorogwa polepole ili lisikatike. Wali nao hupikwa kwa tui. Malori yapandayo kutoka pwani huleta nazi mpaka masoko ya Nakuru, na kwa hiyo hata mtu wa bara aweza kujaribu.

Katika nchi nyingine chakula hiki kina ndugu wengi. Wajamaika hupika wali na maharagwe pamoja katika tui la nazi. Watu wa Kosta Rika na Nikaragua huvikaanga pamoja na kuvila asubuhi. Wabrazili huvila karibu kila siku. Na Waghana wana chakula chao kiitwacho waakye, cha wali na kunde. Mataifa hayo hayakukaa baraza moja kushauriana. Kila mahali mtu wa kazi ngumu na fedha kidogo aligundua jambo lile lile.

SHAMBANI

Faida za maharagwe huanza kabla hayajafika jikoni. Mkulima wa Rongai, Njoro au Molo apandaye maharagwe kati ya mistari ya mahindi hupata mavuno mawili katika shamba moja. Akiung'oa mche wenye afya ataona vinundu vidogo mizizini. Humo hukaa vijidudu vyema ambavyo huchukua naitrojeni kutoka hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mizizi na majani yakiachwa yaoze shambani, sehemu ya chakula hicho hubaki katika udongo kwa faida ya mazao yajayo.

Mbegu nazo zimeboreshwa. Wakulima wa Kenya wamezoea Rosecoco, Wairimu na Mwitemania. Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoko Njoro, kimetoa mbegu kama Chelalang, Tasha na Ciankui. Na shirika la utafiti wa kilimo la KALRO limetoa ile iitwayo Nyota, ambayo huiva upesi jikoni na ina chuma kingi kuliko mbegu za kawaida. Mwenye taabu ya kuni na amwulize bwana shamba wa kwao habari za mbegu hiyo.

Baada ya mavuno maharagwe yakaushwe mpaka punje ikiumwa kwa meno ivunjike bila kubonyea, kisha yahifadhiwe mahali pakavu pasipo joto. Mifuko isiyopitisha hewa huwaua fukusi bila dawa, kwa kuwa hukosa pumzi. Nayo maharagwe yaliyohifadhiwa vyema hayawi magumu upesi, na mpishi hatakuwa na haja ya kukimbilia magadi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwa ufupi, mambo ya kushika ni haya. Maharagwe yalowekwe usiku kucha na maji yake yamwagwe. Yachemke sana nusu saa kabla ya kupunguziwa moto. Nyanya zingoje mpaka yameiva. Magadi yaachwe, hasa katika chakula cha watoto. Wali usikae vuguvugu mezani kwa saa nyingi. Kachumbari au tunda liliwe pamoja na chakula, na chai ingoje.

Hakuna hata moja katika haya linalohitaji fedha nyingi. Linalohitajiwa ni kukumbuka jioni chakula cha kesho. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, na neno hilo lamfaa mpishi wa Salgaa aliye mbele ya sufuria ya maharagwe, kama limfaavyo dereva anayengoja sahani yake kabla ya kuanza kuupanda mlima.